Kutoka Vienna: hospitali kuu iliyogeuka chuo kikuu

Assalaam alaykum, wenzangu wa Unguja na Pemba. Leo nimekuleteni Alser Straße, hapa Vienna. Hebu tazameni juu ya lango: maandishi ya Kilatini yanasema jengo hili ni kwa afya na faraja ya wagonjwa. Yameachwa vilevile, ingawa wagonjwa hawamo tena. Ndani ni behewa baada ya behewa, na wanafunzi wamejilaza kwenye majani na vitabu vyao.

Hospitali hii aliifungua Mfalme Joseph wa Pili mwaka 1784. Habari za wafalme nazipita. Mimi nataka kuwasimulia habari za wazazi.

Palikuwa na wodi mbili za kujifungulia. Moja walisomea wakunga, nyingine madaktari. Kwa madaktari wanawake walikufa kwa homa ya uzazi kupita kiasi, na mjini ikajulikana. Mwanamke akipangiwa huko alilia, akaomba apelekwe kwa wakunga. Wengine waliona bora wazalie njiani!

Daktari mmoja Mhungaria, Ignaz Semmelweis, hakuweza kulivumilia jambo hilo. Mwaka 1847 akagundua kwamba wenzake walitoka kupasua maiti, wakaja moja kwa moja kuwapima wazazi. Wakunga hawakupasua maiti. Akaamuru kila mtu aoshe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini, mpaka ile harufu ya maiti itoke vidoleni. Aprili walikuwa wakifa kiasi cha wazazi 18 katika kila 100. Juni walibaki kama 2. Jamani, ni kunawa tu! Na wakubwa wengi wa udaktari wakamkatalia. Alifariki mwaka 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili, hapa hapa Vienna. Inaniuma kila nikipita.

Baadaye hospitali ikahamia majengo mapya jirani. Mwaka 1988 mji ukakipa chuo kikuu eneo hili, na mwaka 1998 kampasi ikafunguliwa. Sasa sikilizeni: masomo ya Afrika yamo humu humu, na Kiswahili kinasomeshwa. Nikisikia kijana wa Kizungu behewani anajaribu "hujambo", nafurahi mno.

Ndiyo maana nawaza Dispensari ya zamani pale Mizingani, Unguja. Mfanyabiashara Tharia Topan alianza kuijenga mwaka 1887 iwe hospitali, akafariki 1891 kabla haijamalizika. Baadaye chini ikawa dispensari, juu wakakaa watu. Roshani zake za mbao tunazipiga picha sana, lakini waliotibiwa pale hatuwasimulii, na wazee wanatuondokea.

Basi mwenye bibi au babu aliyewahi kutibiwa pale, amrekodi kwa simu anitumie. Muulizeni alingojea wapi, nani alimpokea, dawa alipewa ndani ya nini. Wa Pemba pia, Ngome ya Chake Chake nayo iliwahi kuwa hospitali kabla ya kuwa makumbusho. Insha Allah nitaziweka sauti zao katika video ijayo, kwa ruhusa yao.