Jiwe Ndilo Linaloamua: Mvua na Maji katika Nchi za Visiwa vya Bahari ya Hindi

Waheshimiwa walimu, wanafunzi, na nyote mliofika, asalamu aleikum.

Nimeombwa nilinganishe hali ya hewa na jiografia ya nchi za visiwa zilizomo katika bahari yetu hii. Ramani za shuleni huzichora zote kwa vidoa vya rangi moja, na mikutano mikubwa huzijumuisha kwa jina moja: nchi ndogo za visiwa. Kwa maoni yangu jina hilo huficha mengi. Ukitaka kukijua kisiwa, uliza kwanza mvua ikishanyesha maji yanakwenda wapi. Jibu limo katika jiwe, na jiwe la Ngazija si jiwe la Mahé, wala si la Male.

Tuanze na Komoro, maana hao ni majirani na ndugu zetu. Ngazija, kisiwa chao kikubwa kuliko vyote, ni mlima Karthala, wenye kimo cha mita 2,361, na ni volkano hai. Ililipuka mwaka 2005, 2006 na 2007. Mlima mrefu namna hiyo hukamata mawingu, na mvua hunyesha kwa wingi. Lakini zunguka kisiwa kizima, hutavuka mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Lava changa ni kama kung'uto: maji yote huzama, hushuka chini kabisa, kisha hutokea pwani yakiwa yamekwisha kuchanganyika na ya chumvi. Ndiyo maana vijiji vya mlimani vimeishi kwa mabirika, maji ya mvua yakikingwa kutoka mapaani. Fikirini jambo hilo. Mvua ya kutosha kulisha mito, na mama anapima maji kwa kata.

Shelisheli ni habari nyingine kabisa. Mahé, Praslin na La Digue ni matale, yaani mawe magumu ya graniti, na umri wake ni takriban miaka milioni 750. Visiwa hivi ni vipande vya bara vilivyosalia katikati ya bahari baada ya India kujitenga na Madagaska na kusogea kaskazini. Nchi za aina hii baharini ni chache mno duniani. Tale halinyonyi maji, na Mahé ni miteremko mikali inayofika mita 905, hivyo mvua ikishuka hukimbilia baharini kabla hujaikinga. Wamejenga bwawa la La Gogue, na wanasafisha maji ya bahari pia, kwa sababu miezi ya kusi ikiwa mikavu vijito hupungua upesi. Lakini nchi hiyo hiyo ina visiwa vya mbali, Aldabra kwa mfano, ambavyo ni matumbawe na ni tambarare. Kwa hiyo hata kusema "jiwe la Shelisheli" ni kusema nusu.

Sasa Maldivi. Hapo hakuna mlima wala kilima. Ni visiwa karibu 1,200 vya matumbawe, na ardhi yake yote ukiijumlisha ni kilomita za mraba 300 hivi. Unguja peke yake inaizidi zaidi ya mara tano. Karibu ardhi yake yote haifiki mita tatu juu ya bahari. Darwin alieleza mwaka 1842 jinsi visiwa vya namna hii vinavyozaliwa: volkano huzama polepole, na matumbawe yaliyoizunguka huendelea kujenga kuelekea juu kwenye mwanga wa jua. Chini ya kisiwa kama hicho maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Tabaka lenyewe ni jembamba. Ukivuta kupita kiasi, chumvi hupanda kisimani. Tsunami ya Desemba 2004 iliharibu visima katika visiwa vingi ndani ya muda mfupi tu. Male, mji mkuu uliojaa watu, hunywa maji ya bahari yaliyosafishwa, na mtambo wake ulipopata moto Desemba 2014, watu zaidi ya 100,000 walikosa maji mabombani, India ikalazimika kupeleka maji kwa ndege na meli.

Na mvua yenyewe? Hapa wajukuu wa manahodha mtanielewa haraka. Komoro hunyeshewa wakati wa kaskazi, Novemba hadi Aprili, na kusi ndiyo ukavu na baridi yao. Maldivi ni kinyume. Kusi ikishavuka ikweta hupinda na kuvuma kutoka kusini-magharibi, nayo huwaletea mvua kuanzia Mei. Kaskazi ikiwafikia imetoka bara Hindi, haijakaa baharini vya kutosha kubeba unyevu. Ikifika Komoro imekwisha kunywa bahari nzima, tena inaukuta ukanda wa mvua umelifuata jua kusini. Upepo ni ule ule, lakini mmoja anaanika nazi wakati mwenzake anakinga maji.

Kusini zaidi upepo hutoka kusini-mashariki karibu mwaka mzima, na jambo kubwa ni uko joshini, upande unakotoka upepo, au demani, upande unakoelekea. Morisi ni kisiwa kidogo, lakini Curepipe, juu ya uwanda wa kati, hupata mvua zaidi ya mara mbili ya Port Louis, mwendo wa kilomita kama 20 tu. Madagaska tofauti ni kubwa zaidi: Toamasina, mashariki, hupita milimita 3,000 kwa mwaka, na Toliara, kusini-magharibi, hupata kama 400.

Vimbunga nitavigusa tu. Karibu sana na ikweta havipati mzunguko, kwa hiyo Mahé husalimika mara nyingi, ilhali Morisi, yenye latitudo ya 20 kusini, ilivunjiwa nyumba nyingi na kimbunga Carol mwaka 1960 na baada yake ikageukia nyumba za zege. Lakini Kenneth ilipiga Ngazija mwaka 2019, Chido ikaipiga Maore (Mayotte) mwaka 2024, na Zanzibar yenyewe iliangushiwa mikarafuu na minazi mwaka 1872. Asitokee mtu akawaambia kwamba sisi tumo nje ya hesabu hiyo.

Namalizia kwa Nzwani, kwa sababu ndiyo inayoniuma. Iko Komoro hiyo hiyo, inapata kaskazi ile ile, ila volkano yake ni ya zamani zaidi kuliko Karthala. Jiwe lake limeoza likawa udongo, udongo ukashika maji, na kisiwa kikawa na mito. Kisha misitu ya miteremkoni ikakatwa, kwa mashamba, na kwa kuni, zikiwemo za kukeneka mafuta ya mlangilangi. Mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi, na udongo wenyewe unakwenda baharini. Ngazija haikupewa mito na jiwe lake. Nzwani ilipewa, na bado baadhi ya mito yake inaweza kuokolewa msitu ukirudishwa kwenye vyanzo. Ningependa wanafunzi waliopo hapa waanzie utafiti wao huko.