Mbio za Muda: Kukanyaga Mpaka Tone la Mwisho

SADA: Karibu msikilizaji, tupo Tabora. Leo ni mbio za muda: unaendesha baiskeli peke yako, unashindana na saa. Kaka Kulwa, utamu wake uko wapi? Anayetazama anaona mtu kainamisha kichwa tu.

KULWA: Utamu ni kwamba hakuna pa kujificha, dada. Kwenye kundi, anayekaa mgongoni mwa mwenzake anaokoa karibu theluthi ya nguvu. Peke yako, upepo wote ni wako. Ukitoka kilomita 30 kwa saa kwenda 40, nguvu ya kuukata huo upepo inapanda zaidi ya mara 2. Ndiyo maana naiheshimu sana rekodi ya saa moja, yaani umbali mrefu kuliko wote ambao mtu ameendesha peke yake kwa saa moja. Mbelgiji Eddy Merckx aliendesha kilomita 49.431 kule Mexico City mwaka 1972. Mwitaliano Filippo Ganna akafikisha 56.792 kule Grenchen, Uswisi, mwaka 2022.

SADA: Na mbio za muda za ubingwa wa dunia kule Kigali, jirani zetu hapa, Septemba 2025! Evenepoel alimkuta Pogačar njiani na kumpita, wakati Pogačar alitangulia kuondoka kwa dakika 2 na nusu. Na Pogačar ndiye aliyekuwa bingwa wa Tour de France, zile mbio kubwa za Ufaransa!

KULWA: Siku ile mwili ulikataa, na hapakuwa na mwenzake wa kumvuta.

SADA: Haya, mtu ana baiskeli yake ya kawaida, anataka kujipima kwenye lami ya Urambo. Kilomita 10 kwenda, 10 kurudi.

KULWA: Apashe mwili dakika 20, ndani yake akaze mwendo mara 3, dakika moja moja. Halafu ajihadhari na mwanzo, maana wengi wanaharibikia hapo. Sekunde kama 10 za kwanza misuli inakula akiba yake yenyewe, haisubiri oksijeni, kwa hiyo unajiona simba. Ukiendelea hivyo, dakika ya 4 mapaja yanawaka moto, na hayatulii mpaka upunguze mwendo. Theluthi ya kwanza ujisikie kama unajibania kidogo. Katikati uwe unaweza kusema maneno mawili matatu tu. Dakika 3 za mwisho, mwaga zote.

SADA: Na upepo wa kiangazi? Ukitoka mjini unakusukuma, unafurahi, kumbe marejeo unakusubiri usoni.

KULWA: Basi wakati wa kwenda bana kidogo, wakati wa kurudi kaza. Muda mwingi unapotea pale unapokwenda polepole, kwa hiyo nguvu ya ziada inalipa zaidi kwenye upepo wa mbele.

SADA: Baiskeli isiyo na gia za kubadili wala kipima mwendo, utajuaje mwendo?

KULWA: Hesabu meno yanayoshika mnyororo. Ukiwa na 44 mbele na 18 nyuma, kwenye gurudumu la inchi 28, mzunguko mmoja wa pedali ni kama mita 5.4. Mizunguko 90 kwa dakika inakupa kilomita 29 kwa saa. Hesabu mguu mmoja kwa sekunde 20: ukipata 30, uko hapo.

SADA: Kuna kitu kinawaangusha wengi: pini inayoshika mkono wa pedali. Unasimama kukanyaga kwa nguvu zote, pini inalegea, kila mzunguko mguu unasikia "tak", kama pedali imeruka shimo.

KULWA: Na ukiendelea, chuma kinakula pini mpaka inabonyea. Dawa yake: gonga pini kwa nyundo mpaka ikae, ndipo ukaze nati. Usiivute kwa nati peke yake, utakata uzi wake. Mnyororo nao ucheze sentimita moja hivi katikati. Ukilegea zaidi, unaruka meno pale pale unapokanyaga kwa nguvu zote.

SADA: Akishamaliza, atajuaje amegawa vizuri?

KULWA: Alinganishe kilomita 5 za kwanza za kurudi na 5 za mwisho, maana upepo ni ule ule. Kama za mwisho zimechukua sekunde 40 zaidi, alianza kwa pupa. Kama amefika na bado anaongea vizuri, alibakiza. Apumzike siku 3, arudie asubuhi ya upepo kama ule.