Karagöz Kafungwa Minyororo

ZUHURA: Haya Kombo, waambie watu yaliyokukuta Jumamosi.

KOMBO: Usinikumbushe. Nimepewa ushereheshaji wa harusi, nikaandika utani wangu vizuri. Kamati ikautaka mapema, eti "tuupitie tu". Umerudi umebaki "karibuni" na "tuombe dua". Halafu mwenyekiti ananiambia niko huru kabisa.

ZUHURA: Ndani ya mipaka.

KOMBO: Ndiyo maana leo twende Istanbul, kwa Waosmani, watawala wa Uturuki ya zamani. Teodor Kasap alianzisha Diyojen 1870, jarida la vichekesho kwa Kituruki. Likasimamishwa weee, 1873 likafungwa moja kwa moja. Akatoa Çıngıraklı Tatar, nalo halikumaliza mwaka. Akatoa Hayal.

ZUHURA: Ana kichwa kigumu huyo!

KOMBO: Sasa ikaja katiba ya 1876. Kifungu cha 12: magazeti yako huru ndani ya mipaka ya sheria. Mwaka uliofuata Hayal likatoa katuni, Karagöz yuko kwenye minyororo. Hacivat anamuuliza, hali gani hii? Anajibu: uhuru ndani ya mipaka ya sheria!

ZUHURA: Hao ni vikaragosi vya kivuli, vya ngozi, vinachezeshwa nyuma ya pazia. Hacivat msomi, maneno ya kupanga, anajua kukaa na wakubwa. Karagöz mtu wa mtaani, anaropoka. Yaani Hacivat ni wewe.

KOMBO: Mimi? Niliyekatwa ulimi?

ZUHURA: Uliwapelekea utani wako wakaukague. Karagöz angepeleka?

KOMBO: Walinilipa nusu tayari!

ZUHURA: Hacivat mtupu.

KOMBO: Wasikilizaji, amueni nyie. Nani humu anasema "kwa mujibu wa" kila kipindi?

ZUHURA: Nasema kwa mujibu wa kazi yangu.

KOMBO: Mnamsikia? Haya. Mimi naona bila kile kifungu katuni ile isingezaliwa. Mkaguzi ndiye aliyeinoa kalamu.

ZUHURA: Hapo sikubali hata kidogo. Kasap kahukumiwa miaka 3 jela kwa katuni hiyo. Hayal likafa 1877 hiyo hiyo. Sultani Abdülhamid akalifunga bunge 1878, na Istanbul haikupata tena majarida ya vichekesho ya maana mpaka 1908. Miaka 30 hiyo kalamu ilinolewa wapi?

KOMBO: Uhamishoni. Geneva, London, Cairo, watu walichapa.

ZUHURA: Na muuza samaki wa Istanbul acheke kwa magendo ya posta?

KOMBO: Ilipofika 1908 majarida yakafumuka kama uyoga, moja likaitwa Karagöz. Usiniambie hayo yalitoka hewani.

ZUHURA: Yalitoka kwa watu waliofungwa midomo, mdomo ukafunguliwa. Usimpe mkaguzi sifa ya Kasap.

KOMBO: Simpi sifa, nasema alichangia.

ZUHURA: Kuchangia! Kwa kumtia mtu jela?

KOMBO: Hatutaelewana leo.

ZUHURA: Wala kesho. Fundi anatuonyesha saa, na tuliahidi mafunzo matatu.

KOMBO: La kwanza...

ZUHURA: Dakika moja, Hacivat.

KOMBO: Basi tuyaweke wiki ijayo.

ZUHURA: Wiki ijayo tuna mgeni.