Esperanza wa Mango Street: anaandika akimbie au abaki?

NEEMA: Haya wapendwa karibuni tena, leo tupo na The House on Mango Street ya Sandra Cisneros, kitabu cha 1984, na huyu kaka Baraka wiki nzima ananisumbua WhatsApp eti Esperanza, yule binti anayesimulia, anaandika ili akimbie mtaa tu.

BARAKA: Na nasimamia hapohapo dada. Unakumbuka pale sista wa shule anamuuliza "unaishi pale?" na mtoto inabidi aangalie ghorofa ya tatu, rangi imebanduka, zile mbao baba yake kazipigilia madirishani wasidondoke, anasema lile swali lilimfanya ajione si kitu kabisa. Mtoto kafanyiwa hivyo huko Chicago akiwa bado mdogo, utamlaumu akitaka kuondoka?

NEEMA: Simlaumu, ila wewe unaruka watu wanaomsikiliza. Anti Lupe kapofuka, yupo kitandani miaka, nyumba inanuka, vyombo vichafu vimejaa, na Esperanza anaenda kumsomea vitabu vya maktaba halafu siku moja anamsomea shairi lake mwenyewe. Yule mgonjwa ndo anamwambia endelea kuandika, kutakuweka huru. Halafu Esperanza na rafiki zake wanacheza mchezo wa kumuigiza anti, wanamkejeli, na baadaye anafariki, lile jambo linamkaa Esperanza rohoni.

BARAKA: Pale niliweka kitabu chini kwanza, kweli.

NEEMA: Na Minerva je? Kamzidi Esperanza kidogo tu, tayari ana watoto wawili na mume anayeondoka na kurudi, anawalisha pankeki anawalaza, ndo anaandika kwenye vikaratasi, anavikunja anavikunja tena anavishika mkononi muda mrefu. Wale wanasomeana mashairi yao. Mimi naona nyumbani kwa mtu kunaanzia hapo, mtu kakusoma na wewe umemsoma, hata kama nyumba bado ile ile mbovu.

BARAKA: Sawa, nakubali nusu. Maana Cisneros mwenyewe kakulia kati ya kaka sita, binti peke yake, familia inahamahama Chicago na Meksiko, halafu akafika Chuo Kikuu cha Iowa kusomea uandishi, darasani wanajadili nyumba na kumbukumbu, akajiona yeye hajawahi kuishi kwenye nyumba wanazozisema wenzake. Ndo akaamua aandike kile ambacho wao hawawezi kukiandika. Hiyo sio kukimbia, hiyo ni kugeuka na kurudi ulikotoka.

NEEMA: Umeona sasa! Na kuna akina mama watatu Esperanza anakutana nao msibani, wanamwambia akiondoka lazima arudi kwa ajili ya wengine.

BARAKA: Ila hili la kuandika kumponya mtu dada, hapo mimi nina neno. Ile sura ya maonyesho, wale vijana wanamfanyia Esperanza ukatili na rafiki yake Sally hayupo, hakuna mahali Esperanza anasema imepona.

NEEMA: Hasemi, na ndo maana namwamini huyu mwandishi. Mwishoni anasema akiandika, ule mzimu wa mambo yanayomkaa rohoni hauumi sana. Hauumi sana, hajasema umeondoka. Wasichana wanaotusikiliza waliopitia mambo kama yale wasiahidiwe kwamba daftari litafuta kila kitu, na daftari lisichukue nafasi ya mtu wa kuongea naye, ila litakupa mahali pa kuliweka lile jambo nje ya kichwa.

BARAKA: Sally ndo ananiuma mimi. Kaolewa kabla hajafika darasa la nane, mume hataki hata achungulie dirishani, simu hataki aongee, na kitabu chote hatumuoni Sally ameshika kalamu. Amebaki kwenye maneno ya Esperanza tu.

NEEMA: Ndo hao sasa aliosema atawarudia, wale wasioweza kutoka. Mngekuwa nyie mngemwandikia Sally nini? Tutumieni voisi notsi, wiki ijayo tunazisikiliza hapa hapa.