Pampu ya Kulisha Boila: Tutazame Nje Kabla ya Kuifungua

Ndugu wahandisi na mafundi, pampu ya kulisha boila ikiharibika, wengi wetu hukimbilia kuifungua. Tunatoa impela (gurudumu la ndani linalosukuma maji), tunabadilisha beringi na sili za kuzuia uvujaji, tunaifunga. Haichukui muda, inaharibika vilevile. Hoja yangu ni kwamba mara nyingi kinachoiua kiko nje yake, hasa upande inakovutia maji.

Maji hayo hutoka kwenye tangi la kuondolea hewa yakiwa yameshafikia joto la kuchemka kwa shinikizo lililomo tangini. Kinachoyazuia yasigeuke mvuke njiani ni uzito wa maji yaliyo juu yake bombani. Ndiyo maana tangi huwekwa juu sana, pampu ikawa chini. Sasa turbini ikizimika ghafla, mvuke uliokuwa ukilipasha tangi hukatika. Shinikizo linashuka upesi, lakini maji yaliyokwisha kuingia bombani bado yana joto lilelile. Yanachemka kabla hayajaifikia pampu. Viputo vikisagika ndani ya impela humega chuma, na pampu hulia kama iliyomeza kokoto. Chujio la bomba hilo likiziba huleta balaa hilohilo, ila polepole. Someni shinikizo kabla na baada ya chujio kila zamu.

Kisha kuna mzigo mdogo, yaani boila inapohitaji maji machache. Pampu ikizunguka bila maji kupita, karibu nguvu yake yote huishia kuwa joto, na maji yaliyomo ndani huchemka upesi sana. Vali ya kurudisha maji tangini iliwekwa kwa ajili hiyo. Wapo wanaoifunga kwa mkono eti inavuja na kupoteza nishati. Ubahili wa ajabu huo! Na kabla ya kuiwasha pampu, ipasheni moto taratibu, kasha lisije likajikunja na rota, yaani sehemu inayozunguka, ikakwaruza.

Beringi sina mengi ya kusema: mafuta yawe safi, mtikisiko ufuatiliwe wiki hadi wiki.

Tarehe 28 Machi 1979, kwenye kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, pampu kuu za maji zilisimama alfajiri. Zile za dharura ziliwaka zenyewe, nzima kabisa. Lakini vali zilizo mbele yake zilikuwa zimefungwa, na zikagunduliwa dakika 8 baadaye. Ajali ile ilikuwa na sababu nyingine pia, kubwa zaidi. Hata hivyo, mnapoijaribu pampu ya akiba, msiridhike na taa ya kuonyesha imewaka. Someni mtiririko, na mmoja wenu aende akazione vali kwa macho.