Mikanda Yote Minne Ilishika

Shikamooni wakubwa, na wengine nawasalimu. Sitaeleza namna ya kuchagua tela wala gari gani livute. Hayo mnayajua, na asiyeyajua ana kitabu cha gari lake. Mimi nimekuja na jambo moja kwenu mnaosafirisha magari ya zamani juu ya tela: uzito unaoikandamiza ndoano, pale tela linaposhikana na gari linalovuta. Walionisikia zamani watasema huyu karudi na lile lile. Ndiyo, nimerudi nalo, kwa sababu asubuhi hii nimepita hapo nje kwenye matela yenu. Nimehesabu saba yenye magari juu, nikawauliza wenyewe swali moja: ndoano yako imebeba kilo ngapi? Wote saba wakanionyesha mikanda waliyofungia gari.

Mikanda nitaifikia muda ukiruhusu. Kwanza nisikilizeni.

Nilikuwa navuta Porsche 911 ya mwaka 1972, safari ya siku mbili. Nilikuwa nimelishughulikia gari lile kwa miaka minne. Nikalipandisha kama kila mtu anavyolipandisha, pua mbele, ekseli mbili za tela zikiwa katikati kabisa ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ukisimama pembeni unaona gari limekaa vizuri, linapendeza. Nikalifunga kwa mikanda minne mipya, nikavuta kila mmoja kwa nguvu zangu zote, nikaridhika.

Siku ya pili tukawa kwenye mteremko mrefu, mwendo kama kilomita 100 kwa saa. Lori likatupita. Upepo wake ukasukuma tela kulia kidogo, likarudi kushoto, likaenda kulia tena, safari hii zaidi. Mdogo wangu aliyekuwa kiti cha pembeni akasema, "Kaka, linacheza." Nikakanyaga breki. Gari la kuvuta likapungua mwendo, tela likaja kutusukuma kutoka nyuma, na kila lilipoyumba liliyumba kwa upana kuliko mwanzo. Mara ya nne au ya tano tukawa tunatazama tulikotoka, na tela limelala ubavu kwenye majani.

Hatukuumia, namshukuru Mungu. Nikashuka nikaenda kulitazama gari. Lilikuwa bado limefungwa. Mikanda yote minne ilishika! Gari limefungwa imara kabisa kwenye tela lililoanguka, na oili ya injini inadondoka taratibu juu ya mikanda mipya. Ndiyo maana mtu akinionyesha mikanda nikimuuliza kuhusu uzito, navunjika moyo.

Sasa tazameni hesabu, maana niliifanya baadaye na hainitoki kichwani. Injini ya 911 iko nyuma, nyuma hata ya ekseli yake. Karibu asilimia 60 ya uzito wa gari imebebwa na magurudumu ya nyuma. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 2.27. Kwa hiyo kitovu cha uzito hakiko katikati ya magurudumu kama jicho linavyokuambia, kiko karibu sentimita 23 nyuma zaidi. Gari lina kilo 1,050, na kutoka kwenye ekseli za tela hadi kwenye ndoano palikuwa na mita 4. Zidisha, gawanya: kilo 60 zilikuwa zinanyanyua mkono wa tela, ule unaokaa juu ya ndoano, badala ya kuukandamiza. Tela likiwa tupu lilikuwa linakandamiza ndoano kwa kilo 80. Zilibaki 20! Tela na gari pamoja ni kilo 1,850, na ndoano imebeba 20. Tena nyuma kabisa ya tela nilikuwa nimefunga boksi la spana.

Kanuni inayofuatwa Marekani ni ndoano ibebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela lililopakiwa. Kwangu mimi ilitakiwa angalau 185. Na dawa yake ilikuwa nini? Kuligeuza gari tu. Lingepanda kinyumenyume, zile kilo 60 zingehamia mbele, ndoano ingebeba 140. Nikisogeza gari sentimita 17 kuelekea mbele, napata 185. Sentimita kumi na saba! Urefu wa kiganja changu.

Kuna mtu ameshaanza kutikisa kichwa. Najua unachotaka kusema: mimi nina MGB, nina Austin-Healey, injini iko mbele, hayo ya Porsche hayanihusu. Yanakuhusu. Gari la zamani likigoma kuwaka unalivuta kwa winchi, na unalivuta kwa upande wenye pa kushika. Pakiwa nyuma, linapanda kinyumenyume, na chuma chote cha injini kinaning'inia mkiani mwa tela. Umefanya kosa langu kwa kugeuza upande. Mwingine atasema gari lake la kuvuta ni jipya na lina mfumo wa kuzuia kuyumba. Vizuri, uwe nao. Lakini mfumo huo unaamka tela likishaanza kuyumba, na mimi nataka lisianze. Na wa Ulaya watasema ndoano zao haziruhusu kilo nyingi hivyo. Kweli, nyingi zimepigwa muhuri wa kilo 75 au 100, na namba iliyo kwenye ndoano au kitabuni usiizidi hata kidogo. Kaa karibu na ukomo huo, na mwendo uwe wa chini. Uingereza gari linalovuta tela mwisho ni maili 60 kwa saa hata kwenye barabara kuu kabisa, na Ujerumani ni kilomita 80 isipokuwa una kibali cha 100. Sheria hizo hazikuwekwa kuwaonea. Kila tela lina mwendo wake ambao chini yake kuyumba hufa kwenyewe, na juu yake kuyumba hukua kwenyewe. Ukipakia vibaya, unaushusha mwendo huo hadi ule unaotembea kila siku.

Mtapimaje? Hapa ndipo watu wanakata tamaa, wanadhani ni lazima mizani ya malori. Chukueni mizani ile ya kupimia uzito wa mwili. Haiwezi kilo 185, kwa hiyo chukua ubao mnene. Ncha moja ilaze juu ya bomba lililolala kwenye tofali, ncha ya pili juu ya bomba jingine lililolala kwenye mizani, ubao ulale sawa. Umbali kati ya mabomba ugawe mara tatu. Fungu moja kutoka kwenye tofali ndipo unaposhushia mkono wa tela. Soma mizani, toa ulichosoma ubao ukiwa mtupu, zidisha kwa tatu. Mizani ikikuambia 60, ndoano inabeba 180. Tela liwe mahali tambarare, magurudumu yazuiwe, na mkono uwe kwenye kimo kile kile unachovutia. Ni dakika kumi. Kisha sogeza gari. Gari la kilo 1,100 ukilisogeza sentimita 10 kwenye tela kama lile langu, ndoano inapata au inapoteza kilo 27. Ukipata panapofaa, weka alama ya rangi sakafuni mwa tela, na safari nyingine gurudumu lifike pale pale. Ukibadilisha gari, pima upya. Usiniambie unakadiria. Mimi nilikadiria.

Na likianza kuyumba: achia mafuta, shika usukani umenyooka, mguu usiguse breki. Kama tela lina breki za umeme na una swichi ya mkononi, bonyeza hiyo peke yake, ili tela lilivute gari lako nyuma badala ya kulisukuma. Msifukuzane na tela kwa usukani, hamtalipata. Likitulia, simameni pembeni mpange upya. Msiseme limeshatulia, twende.

Naona muda unaniishia. Mikanda, haraka basi. Funga magurudumu, usifunge bodi, kwa sababu bodi inapanda na kushuka kwenye springi, na kila ikishuka mkanda unalegea. Ila kwenye rimu za spoki mkanda upite juu ya tairi. Ukiupitisha katikati ya spoki utazipinda. Simama ukaze upya baada ya kilomita chache za kwanza. Madereva wa malori Marekani sheria inawataka wakague mzigo ndani ya maili 50 za mwanzo, nanyi mfanye hivyo hivyo. Paa la turubai halipendi upepo unaotoka nyuma, kwa hiyo gari likipanda kinyumenyume paa lishushwe au lifungwe vizuri. Kava la kitambaa liacheni nyumbani, linapigapiga na kula rangi.

Kulikokota gari bila tela, kwa magurudumu yake lenyewe, nimeulizwa tena leo. Hapana. Mtasema giaboksi ni ya kawaida, nitaweka nyutro. Kwenye giaboksi nyingi za magari haya oili hurushwa na shafti ya chini, na shafti hiyo huzungushwa na injini. Injini imezimwa, klachi haina kazi, shafti ya chini imesimama, lakini shafti kuu inazungushwa na propela, ile shafti ndefu inayotoka kwenye difu ya ekseli ya nyuma. Gia zinasagana na shafti bila tone la oili kwa kilomita mia tatu. Ukilazimika, fungua propela kwanza.

Tairi za tela, tazameni umri wake kabla ya kutazama meno, na upepo mpime zikiwa baridi. Kila mkisimama gusa habu, kitovu cha gurudumu, kwa mgongo wa mkono, ile yenye joto kuliko mwenzake beringi yake inakufa. Breki za tela nilitaka kuzizungumzia kwa kirefu, haitawezekana leo.

Mizani ninayo hapa chini ya meza, na ubao nimeuegemeza mlangoni. Tunaanza na lile tela la kijivu lenye 911 la kijani, mwenye nalo aje na ufunguo. Kabla sijagusa chochote, kila mmoja asimame pembeni alitazame, aniambie kwa kukadiria tu ndoano imebeba kilo ngapi. Nitaandika namba zenu ukutani. Halafu tunashusha mkono juu ya ubao.