Sare za Sherehe za Kijeshi na Kanuni za Kuzivaa

Mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie sare za sherehe za kijeshi na kanuni za uvaaji wake, mada ambayo wengi huidhania kuwa ni ya mafundi cherehani na wapiga pasi. Hoja yangu ni kwamba kanuni hizo, hata zile zinazoonekana kuwa za kupita kiasi, hazikutungwa ili askari apendeze, bali ili kila kilichoshonwa au kubandikwa juu ya vazi lake kiwe cha kweli.

Zamani vazi la sherehe na vazi la vita lilikuwa moja. Jeshi jipya la Bunge la Uingereza lilipoundwa mwaka 1645 lilivishwa makoti mekundu, na kwa zaidi ya karne mbili askari wa nchi hiyo walipigana wakiwa na rangi ile ile ya gwaride. Wala hawakuwa wajinga. Baruti ya zama hizo ilitoa moshi mzito uliofunika uwanja mzima baada ya bunduki kulia mara chache tu, na kamanda alihitaji rangi kali ili awatambue askari wake ndani ya ukungu ule. Mambo yaligeuka baada ya mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille alipobuni baruti isiyo na moshi mwingi: uwanja ukawa wazi, risasi zikafika mbali zaidi, na koti lililomsaidia kamanda likawa sasa linamsaidia mlenga shabaha wa upande wa pili. Waingereza, ambao walikwisha kuijaribu kaki huko India tangu miaka ya 1840, waliifanya mwaka 1902 kuwa rangi ya sare ya kazi hata nyumbani kwao. Ufaransa, nchi iliyozaa baruti hiyo, ndiyo iliyoingia vitani Agosti 1914 na suruali nyekundu, na haikuziacha mpaka ilipopata hasara kubwa.

Vazi la rangi lilipoondolewa vitani halikutupwa. Lilibaki na kazi ya kumweleza mvaaji wake: ni nani, wa kikosi gani, ana cheo gani, na amefanya nini. Majeshi mengi leo yana vazi kamili la gwaride, vazi rasmi la ofisini na safarini, na vazi la chakula cha usiku katika bwalo la maofisa, na amri ya siku hutaja ni lipi litakalovaliwa. Mtu hachagui mwenyewe.

Nitakaa zaidi kwenye nishani, kwa sababu hapo ndipo kanuni zinapobana. Kwa desturi iliyoenea duniani, nishani huvaliwa kifuani upande wa kushoto, katika mstari mmoja, kwa mpangilio uliowekwa na dola na si kwa tarehe ya kutunukiwa wala kwa uzuri wa chuma. Ya juu kabisa hukaa karibu na vifungo vya koti, yaani katikati ya kifua; wale wanaosema kwamba hukaa karibu na moyo wanapendezesha tu maneno. Msalaba wa Victoria, nishani ya ushujaa iliyoanzishwa mwaka 1856, ni wa shaba nyeusi isiyovutia macho, lakini nchini Uingereza hutangulia nishani zote za dhahabu na vito. Siku ya gwaride huvaliwa nishani zenyewe. Kwenye vazi la ofisini hubaki tepe zake tu. Bwaloni huvaliwa nishani ndogo za mfano ule ule. Nishani ya nchi ya kigeni huhitaji kibali, na kwa kawaida hupangwa baada ya zile za nyumbani. Uingereza, Australia na New Zealand zina desturi ninayoiona kuwa ya busara sana: jamaa wa askari aliyefariki anaweza kuvaa nishani za marehemu siku ya kumbukumbu, ila upande wa kulia, na kwa hilo tu kila anayemtazama hujua kwamba hazikuwa zake.

Vifungo navyo husema. Vikosi vitano vya askari wa miguu wa walinzi wa Mfalme wa Uingereza huvaa koti jekundu na kofia ya manyoya ya dubu vilevile, na mgeni hawezi kuvitofautisha kwa mbali. Lakini Grenadier hupanga vifungo kimoja kimoja, Coldstream viwili viwili, Waskoti vitatu vitatu, Waayalandi vinne vinne, na Wawelisi vitano vitano.

Kofia nayo ina sheria zake, nazo hutofautiana: askari wa nchi kavu wa Uingereza asiye na kofia hapigi saluti, husimama wima tu.

Sare inayosema kweli huweza pia kusingiziwa. Huambiwa mara kwa mara kwamba mstari mwekundu kwenye suruali za askari wa majini wa Marekani ni ukumbusho wa waliokufa katika vita vya Chapultepec, huko Mexico, mwaka 1847, ilhali mistari hiyo ilikuwapo kabla ya vita hivyo.

Uongo wa mvaaji mwenyewe ni jambo jingine, na sheria zimeugusa. Uingereza ilipitisha mwaka 1894 sheria inayomkataza asiye askari kuvaa sare ya jeshi bila ruhusa, ikiwaachia waigizaji wa jukwaani mradi wasiidhalilishe. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2012 kwamba kudai nishani usiyokuwa nayo ni maneno yanayolindwa na katiba, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria nyingine inayomwadhibu anayedai hivyo ili ajipatie fedha au manufaa. Vitani, Kanuni za The Hague za mwaka 1907 zimekataza matumizi yasiyo halali ya sare na alama za adui. Naye askari aliyetekwa hulindwa na kifungu cha 40 cha Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949: aliyemteka anapaswa kumruhusu kuvaa alama za cheo na za taifa lake, pamoja na nishani zake.